Mwanangu, usikate matunzo ya mtoto

Mwanangu,

Dada yako ameniambia mwezi huu hukupeleka matunzo ya mtoto, na umeapa hutoi hata senti mpaka uruhusiwe kumwona. Tangu nisikie sina usingizi. Nakuomba, peleka hizo pesa.

Najua unanyimwa mtoto, na mimi bibi yake inaniuma. Siku zako za kumchukua umefika bila kuchelewa, na ulipokuta mlango umefungwa uliondoka bila fujo. Kwa hilo najivunia kukuzaa. Lakini mahakama nyingi huyaamua mambo haya mawili kila moja peke yake. Matunzo ni haki ya mtoto, na kuonana na baba yake ni haki yake pia. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 umeyataja yote mawili, ibara ya 9 na ya 27, na hakuna ulipofanya moja kuwa malipo ya jingine. Mama yake akikosea upande wake, wewe hujapata ruhusa ya kukosea upande wako.

Ukikata pesa, utakayesimama mbele ya hakimu kuulizwa malimbikizo ni wewe, na hapo nani atasikia kilio chako? Rudi mahakama iliyotoa amri, useme haifuatwi. Andika kila siku uliyofika ukarudishwa, tarehe na saa. Na kama kazi imeyumba, maana nahisi hivyo ingawa hunielezi, omba kiwango kipunguzwe sasa. Una tabia ya kunyamaza mambo yakikuzidi, na deni la matunzo likishalimbikizana ni vigumu sana kufutwa.

Tuma kwa benki au kwa simu, kumbukumbu ibaki. Zile nguo na midoli huenda hakimu akazihesabu zawadi tu. Na usimpe mtoto maneno ya kumfikishia mama yake, hata ukiwa na hasira kiasi gani. Nasema tena: zitume.

Mama yake bado anapokea simu zangu. Jumapili alinipa mtoto tukaongea, anasoma sasa, alinisomea ukurasa mzima. Usiniharibie hilo.

Huku fundi wa paa hajarudi, na kitanda cha mtoto kimelegea mguu. Ukija, njoo na misumari. Zile unazonitumia mimi kila mwezi, safari hii usizitume. Paa litangoja. Ziongeze kwenye za mtoto, kisha unipigie leo hii hii uniambie zimefika.

Mama yako