Magoti yote mawili kwa siku moja? Tusemezane kabla hamjakata tiketi

Hapa kwenye kabineti yetu ya kinezi, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, swali hili tunaulizwa sana, hasa na watoto wanaomlipia mama yao: kama anakwenda kupasuliwa India au Afrika Kusini, si afadhali wambadilishie magoti yote mawili mara moja? Tiketi moja, nusukaputi moja, maumivu mara moja. Kwa upande wa pesa hesabu hiyo ni ya kweli. Ila kabla ya pesa kuna moyo wa mama, na huo ndio upimwe kwanza.

Daktari anayebadilisha goti hukata ncha za mifupa zilizolika, na mara nyingi hupitisha chuma ndani ya mfupa wa paja ili goti jipya likae sawasawa. Mafuta na uboho hutoka humo, huingia kwenye damu na kuishia mapafuni. Kwa goti moja, mwili wenye afya huvumilia. Kwa mawili ndani ya saa chache, mzigo unaongezeka, damu nyingi zaidi inapotea, na uwezekano wa kuongezewa damu unapanda. Takwimu za hospitali za California zilizochapishwa mwaka 2011 zilionyesha pande zote mbili: waliofanyiwa yote kwa pamoja walipata mshtuko wa moyo na damu kuganda mapafuni zaidi ya wale waliofanyiwa moja baada ya jingine, lakini maambukizi mabaya ndani ya goti kwao yalikuwa machache.

Ndiyo maana daktari makini humkatalia mwenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, figo dhaifu, kisukari kisichotulia, unene uliopita kiasi, na mara nyingi aliyevuka miaka 75. Huyo hufanyiwa goti moja, na la pili hungoja miezi 3 hivi au zaidi. Daktari akisema hapana, tafadhali msizunguke kumtafuta atakayesema ndiyo.

Wapo tunaowaambia wenyewe wakaulizie yote mawili. Mtu mwenye moyo mzima ambaye magoti yake yote yamepinda na hayanyooki tena, akinyooshwa moja tu, mguu mmoja unakuwa mrefu kuliko mwenzake. Atatembea amelikunja lile jipya ili lilingane na bovu, na kazi yote ya daktari inaharibika.

Sasa nyumbani, na hapa ndipo tunapoona familia zikishtuka. Aliyepasuliwa goti moja tunamfundisha ngazi hivi: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, uliopasuliwa ndio unaotangulia. Wa magoti mawili hana mguu mzima. Hata kuinuka kitini ni kazi: kiti kiwe kirefu na chenye mikono, asogee mpaka ukingoni, asukume kwa mikono yote miwili, na msaidizi akae ubavuni pake, si mbele akimvuta. Yale makochi laini ya sebuleni yapumzike kwanza. Na choo cha shimo? Goti bandia lililofanikiwa hukunjika nyuzi 110 hadi 120 hivi, na kuchuchumaa kunataka zaidi. Kiti cha choo kitafutwe kabla ya safari.

Halafu ule mto! Tunaukuta chini ya magoti ya mgonjwa, umewekwa kwa huruma tu. Utoeni. Goti likizoea kulala limekunjwa, baadaye linakataa kunyooka. Kunjeni taulo, liwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe lenyewe.

Matokeo ya muda mrefu ni mazuri kwa njia zote mbili. Uchambuzi wa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba magoti bandia 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Kupiga magoti kanisani, hata hivyo, wengi hawakufurahii tena.

Kuhusu ndege ya kurudi Luano, uwanja wetu wa ndege hapa Lubumbashi: muulizeni daktari aliyepasua ni lini anaruhusu, na dawa ya kuzuia damu kuganda iendelee mpaka lini. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, msitupigie sisi. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kazi yetu inaanza kabla ya kisu. Tunakuja nyumbani, iwe Kamalondo, Katuba au Ruashi, tunaangalia kitanda, choo na vizingiti, tunamfundisha mgonjwa kutumia fremu ya kutembelea na kukaza misuli ya paja. Fremu tunakodisha. Mkija, leteni picha za redio (eksirei) na orodha ya dawa anazokunywa, na mtuambie nani atalala naye chumba kimoja majuma ya mwanzo. Asipopatikana mtu huyo, tutawashauri mzungumze na daktari juu ya goti moja kwanza.