Wasiopenda ulevi vyuoni ni wengi kuliko wanavyojidhania

Mhariri,

Kila inapozuka habari ya wanafunzi wa chuo waliolewa wakafanya vituko, husikika kauli ile ile kwamba vijana wa vyuoni wote wamezama katika pombe. Nimefundisha chuoni kwa miaka mingi na siandiki kuwatetea walevi. Naandika kwa sababu kauli hiyo si sahihi, tena nahofia kwamba inachochea jambo lile lile inalolilaani.

Mwaka 1986 watafiti wa Marekani H. Wesley Perkins na Alan Berkowitz walionyesha kwamba wanafunzi wengi waliwadhania wenzao kuwa wanaridhia ulevi kuliko walivyouridhia wao wenyewe. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller waliikuta hali hiyo katika Chuo Kikuu cha Princeton: mwanafunzi alikuwa na wasiwasi juu ya unywaji wa pale chuoni, lakini akidhani wenzake wameuzoea kuliko yeye. Lililonishtua zaidi ni kwamba, kadiri muhula ulivyosonga, wavulana walielekea kuubadili msimamo wao ili ulingane na ule waliodhani kuwa ni wa wengi.

Sababu haiko mbali. Anayeimba kwa sauti koridoni usiku wa manane husikika bweni zima, na asubuhi ndiye anayesimuliwa, ilhali aliyekunywa glasi moja akaenda kulala, au asiyegusa kabisa, hana cha kusimuliwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetafuta marafiki huipokea glasi asiyoitaka kwa kuogopa kuonekana mshamba, asijue kwamba huyo anayempa aliipokea ya kwake kwa hofu hiyo hiyo.

Hata takwimu tunazisoma upande mmoja. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard wa mwaka 1993, uliohusisha vyuo 140 vya Marekani, ulikuta asilimia 44 ya wanafunzi wakinywa kupita kiasi, yaani vinywaji vitano au zaidi mfululizo kwa mwanamume na vinne kwa mwanamke, katika wiki mbili zilizotangulia. Asilimia 56 waliobaki ni nani aliyewataja? Siwabezi hao 44, kwa maana ini huondoa takriban kinywaji kimoja tu kwa saa, kahawa na maji ya baridi hayaliharakishi, na aliyezimika akiachwa chali peke yake anaweza kupaliwa na matapishi yake akafa.

Ningependa vyuo viwaulize wanafunzi, bila kuandika majina, kila mmoja anakunywa kiasi gani na anadhani wenzake wanakunywa kiasi gani, kisha majibu yote mawili yabandikwe mahali yanapoonekana. Nawe Mhariri, siku mwandishi wako atakapotumwa chuoni baada ya vurugu za walevi, mwombe abishe hodi pia katika vyumba vilivyokuwa kimya usiku ule.

Wako,
Mhadhiri wa chuo