Gari janja lipimwe kwa walio nyuma yake

Mhariri,

Makala yenu ya magari yanayojiendesha imetuahidi makutano yasiyo na taa, kila gari likipangiwa sekunde yake ya kupita. Wazo hilo lina umri: Kurt Dresner na Peter Stone wa Chuo Kikuu cha Texas walilichapisha mwaka 2004. Ni tamu, ila linanoga pale karibu kila gari linapokuwa na mitambo ya kuwasiliana. Mtembea kwa miguu hana antena.

Mimi kinachonikera ni foleni isiyo na sababu. Unasota, unafika mbele, hakuna ajali wala askari, njia nyeupe. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la magari 22 kwenye duara la mita 230, kila dereva akiombwa aende mwendo uleule. Haukupita muda, mmoja akagusa breki, wa nyuma yake akakanyaga zaidi kidogo, na huko nyuma kabisa watu wakasimama. Hakuna aliyekosea.

Mwaka 2016, Arizona, Marekani, wenzao waliweka gari moja tu la kujiendesha katika duara la magari kama 20. Halikukimbilia bampa ya mbele. Lilishika mwendo wa wastani, likaacha nafasi ipanuke na kusinyaa. Wimbi hilo la breki, linalorudi nyuma gari hadi gari, likafa. Novemba 2022 wakaingiza magari 100 yenye mitambo ya kurekebisha mwendo kwa namna hiyo, madereva wakiwa ndani, kwenye barabara kuu ya I-24 huko Nashville, asubuhi, katikati ya foleni halisi.

Makala yenu haikugusa jambo hili: mitambo ya kufuata gari la mbele ambayo tayari inauzwa madukani si lazima ifanye hivyo. Watafiti walipopima aina 7 za magari ya kawaida ya mwaka 2018, zote zilikuza wimbi badala ya kulipunguza. Mnunuzi analipia starehe, foleni anawaachia walio nyuma.

Basi kabla gari halijaruhusiwa, mamlaka zipime pia linachowafanyia walio nyuma, si usalama wa aliye ndani peke yake. Watasema nafasi ikiachwa, wajanja watachomekea. Kweli, watachomekea. Mimi mwenyewe nimeshachomekea mara nyingi, na sasa najua nani alikuwa akisimama nyuma yangu.

Dereva na msomaji wenu