Msamaha uliotangulia kesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika juma lililopita kuwatetea marais wa Marekani wanaowasamehe wasaidizi wao wakishaingia matatani. Hoja yake, kama nimemwelewa, ni kwamba mtu aliyemtumikia mkuu wake kwa uaminifu, kisha akaponzwa na utumishi huohuo, haifai aachwe aozee gerezani, kwa kuwa hata sisi tunamheshimu mzee asiyemtupa kijana wake. Sina ugomvi na utu huo. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 26, nimewaona wafungwa wakitoka kwa msamaha wa Desemba 9 wakiwa na mfuko mmoja wa rambo mkononi na ndugu zao wakiwasubiri getini, wala sijapata kumwonea mtu choyo uhuru wake. Ninachobisha ni kitu kingine: wakati ambao msamaha unatolewa, na kile ambacho msamaha huo unakizima.

Nichukue kisa cha miaka ya themanini, kile cha Iran na Contra, ambacho kumbukumbu zake zimekwisha kuchapishwa na hazina siri tena. Mwaka 1985 na 1986 serikali ya Rais Ronald Reagan iliiuzia Iran silaha kwa kificho, huku hadharani ikizihimiza nchi nyingine zisiiuzie, kwa matumaini kwamba Wamarekani walioshikwa mateka Lebanon wangeachiwa. Sehemu ya faida ikapelekwa kwa waasi wa Contra waliokuwa wakipigana na serikali ya Nicaragua, ingawa Bunge la Marekani lilikuwa limekataza kwa sheria fedha za serikali kuwasaidia waasi hao kivita. Jarida moja la Lebanon liliianika biashara ya silaha mwanzoni mwa Novemba 1986, na kabla mwezi haujaisha Oliver North, ofisa wa jeshi aliyekuwa akiiendesha kutoka ofisi za Ikulu, alikuwa amekwisha kufukuzwa. Katika siku zile za mwisho katibu muhtasi wake alimsaidia kupitisha nyaraka kwenye mashine ya kuchana karatasi, na nyingine akazitoa ofisini amezificha ndani ya buti na nguo alizovaa. Mwaka uliofuata katibu muhtasi huyo aliwaambia wabunge kwamba wakati mwingine inambidi mtu aende juu ya sheria iliyoandikwa. Mimi niliyekula mshahara kwa kugonga mihuri na kuhesabu kurasa, nilipoyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza niliiweka karatasi chini, kwa sababu aliyeyasema hakuwa jambazi. Alikuwa mtu wa mafaili kama mimi, tena huenda mtiifu kunishinda.

Hata hivyo, uaminifu ulionisukuma kuandika barua hii ni wa mtu mkubwa zaidi. Caspar Weinberger, Waziri wa Ulinzi, aliupinga mpango wa kuiuzia Iran silaha, tena mbele ya Rais mwenyewe. Alikuwa na desturi ya kuandika kwa mkono mambo yaliyosemwa vikaoni na kwenye simu, lakini wachunguzi walipomwuliza kama anazo kumbukumbu za namna hiyo, majibu yake yaliwafanya waamini kwamba hana. Miaka ikapita, ndipo kurasa zaidi ya 1,700 zikaonekana katika Maktaba ya Bunge mjini Washington, ambako yeye mwenyewe alikuwa ameziweka. Maandishi yake kuhusu kikao cha Januari 7, 1986 yanasema Rais aliamua kuendelea na mpango wa kupeleka makombora 4,000 ya kupigia vifaru ili mateka watano waachiwe. Kwamba yeye na George Shultz, Waziri wa Mambo ya Nje, walipinga. Na kwamba miongoni mwa waliounga mkono alikuwamo Makamu wa Rais. Makamu huyo ni George Bush, yule yule ambaye baadaye aliuambia umma kwamba hakuwa mtu wa ndani katika jambo lile.

Utaona basi kwamba Weinberger hakushtakiwa kwa kuuza silaha, kwa maana ndani ya chumba kile yeye ndiye aliyekuwa na busara. Alishtakiwa Juni 1992 kwa kudanganya na kuzuia uchunguzi, mashtaka ambayo aliyakana. Kama yaliyodaiwa ni kweli, kosa lake lilikuwa kuwafichia wenzake jambo ambalo mwenyewe hakulipenda, na sijui uaminifu wa kisiasa unaoweza kupita huo. Haki itendeke pande zote, nakiri kwamba mwendesha mashtaka, Lawrence Walsh, alijiletea maneno alipowasilisha shtaka jipya lenye nukuu ya kikao kile mnamo Oktoba 30, siku nne kabla ya uchaguzi ambao Bush, sasa akiwa Rais, alishindwa na Bill Clinton. Hakimu yeyote niliyepata kufanya naye kazi angemshauri asubiri juma moja. Lakini Walsh hakuwa mpinzani aliyejificha nyuma ya joho. Alikuwa jaji wa zamani na mwanachama wa Republican, chama hicho hicho cha Reagan na Bush.

Kesi ya Weinberger ilipangwa kuanza Januari 5, 1993. Desemba 24, mkesha wa Krismasi, Bush akatia saini msamaha kwa Weinberger na wenzake watano. Wanne kati ya hao sita walikuwa wamekiri makosa au wametiwa hatiani. Wawili, yaani Weinberger na Duane Clarridge wa shirika la ujasusi la CIA, kesi zao zilikuwa hazijasikilizwa hata siku moja. Bush alieleza kwamba wote walisukumwa na uzalendo, na kwamba tofauti za kisera zilikuwa zikigeuzwa kuwa jinai. Walsh alijibu kwamba ufichaji ulioendelea kwa zaidi ya miaka sita ulikuwa umekamilika. Aliongeza kwamba shajara ya Bush mwenyewe, ambayo ilipaswa kukabidhiwa tangu wachunguzi walipoomba nyaraka mwaka 1987, habari zake zilikuwa zimeifikia ofisi yake Desemba 11, 1992, takriban majuma mawili kabla ya msamaha.

Hapo ndipo ninapoachana na msomaji mwenzangu. Mfungwa wetu akitoka kwa msamaha wa Rais, jalada lake halitoki naye. Hati ya mashtaka, maelezo ya mashahidi, vielelezo na hukumu vinabaki masijala, na mwenye shauri la kweli anaweza kuomba kuvisoma hata baada ya miaka kumi. Mtu amehurumiwa, lakini habari yake imekwisha kusemwa mbele ya watu. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 45, inampa Rais mamlaka ya kumsamehe mtu aliyepatikana na hatia mbele ya mahakama, na Katiba ya Kenya, ibara ya 133, nayo inazungumzia msamaha kwa mtu aliyetiwa hatiani, tena kwa ushauri wa kamati. Katiba ya Marekani haina sharti hilo. Inamruhusu Rais kusamehe makosa dhidi ya serikali kuu, isipokuwa tu katika mashauri ya Bunge ya kumwondoa kiongozi madarakani. Ndiyo maana Bush aliweza kulifunga jalada la Weinberger kabla shahidi wa kwanza hajaapa, na miongoni mwa watu ambao huenda wangeitwa kutoa ushahidi alikuwamo yeye mwenyewe aliyetia saini.

Na si kwamba hawakuonywa. Mwaka 1788, watu wa Virginia walipokuwa wakijadili kama waikubali katiba mpya, George Mason alisema Rais anaweza kusamehe makosa aliyoyashauri yeye mwenyewe, na kwa kuzuia uchunguzi kabla ya hukumu akazuia hatia yake isijulikane. James Madison akamjibu kwamba Rais wa namna hiyo Bunge litamshtaki na kumwondoa. Jibu lilikuwa zuri kwa Rais aliye katikati ya kipindi chake. Kwa Rais aliyekwisha kushindwa uchaguzi, akiwa amebakiza siku 27 ofisini, sioni lilikuwa na uzito gani.

Najua nitaulizwa kuhusu Rais Gerald Ford, aliyemsamehe mtangulizi wake, Richard Nixon, Septemba 8, 1974 kabla hajashtakiwa kwa lolote. Ule nao siupendi. Lakini Ford alikwenda mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge mwezi uliofuata akahojiwa, na mwaka 1976 akasimama mbele ya wapiga kura wakamnyima kura. Wa karibuni nao wana mizani yao. Roger Stone, mshirika wa kisiasa wa Donald Trump aliyesamehewa naye Desemba 2020, alikuwa amekwisha kutiwa hatiani kwa kulidanganya Bunge, ushahidi ukiwa umesikilizwa wote, na kwa kipimo changu hilo ni afadhali kidogo kuliko lile la 1992, ingawa harufu ya kulipana fadhila ni ile ile. Joe Biden alimsamehe mwanawe Desemba 2024 kwa makosa aliyotiwa hatiani, na hapo ningenyamaza kama msamaha huo usingejumuisha pia kosa lolote ambalo huenda alilitenda tangu Januari 2014, likiwa limeshtakiwa au halijashtakiwa.

Kuhusu kutomtupa mtumishi mwaminifu, ni vema tukatazama ni nani hasa aliyebebwa. Katika watu wote walioandamwa kwa kashfa ile ya Iran na Contra, aliyekaa gerezani ni mmoja, Thomas Clines, ofisa wa zamani wa CIA aliyekuwa amekwisha kustaafu na kuingia katika biashara ya silaha. Alifungwa miezi 16 kwa makosa ya kodi. Katika orodha ya mkesha wa Krismasi jina lake halimo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linapoandika kwamba Rais fulani, wa huko au wa kwetu, amemsamehe mtu wake, waandishi watueleze katika aya ya kwanza kama mtu huyo alikuwa amekwisha kuhukumiwa, au kesi ilikuwa imepangwa tarehe gani na nani alikuwa aitwe shahidi.

Wako,
Karani mstaafu wa mahakama,
Tanga