Fundi wa vyombo vya muziki ahesabu na saa zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua ili niseme jambo kuhusu makala za vijana wabunifu ambazo gazeti lenu limekuwa likizichapisha katika kurasa za biashara. Nazisoma kwa furaha, kwa sababu mimi mwenyewe ni fundi wa elektroniki niliyejifunza kazi Dar es Salaam, na sasa ninaendesha karakana ndogo mjini Berlin, Ujerumani, inayotengeneza moduli za sinthesaiza, yaani vipande vya ala ya muziki ya kielektroniki. Hata hivyo, karibu kila makala huishia palepale: kijana ana kipaji, kifaa chake kinafanya kazi, kilichokosekana ni mtaji. Kwa niliyoyaona katika biashara hii, kinachoangusha karakana ndogo mara nyingi ni bei iliyopangwa bila kuhesabu kazi ya fundi, na mtaji ukiingia katika biashara ya namna hiyo huiongezea kasi ya kula hasara.

Kwa wasomaji wasiokijua chombo hiki, sinthesaiza ya moduli haiuzwi ikiwa nzima. Mwanamuziki hununua vipande kimoja baada ya kingine: kimoja huzalisha wimbi la sauti, kingine hulichuja, kingine hupandisha na kushusha nguvu yake, kingine hupanga noti zifuatane vipi, kisha yeye huviunganisha kwa nyaya fupi kwa namna anayoitaka. Vyombo hivi vilibuniwa Marekani mwaka 1963 na 1964, Robert Moog akiwa jimbo la New York na Don Buchla akiwa California, na kwa muda mrefu vilibaki mikononi mwa vyuo vikuu, studio kubwa na wanamuziki wenye fedha nyingi. Aliyewafungulia mlango mafundi wadogo ni Dieter Doepfer, ambaye kampuni yake ipo Gräfelfing, karibu na Munich. Mwaka 1996 kampuni hiyo iliweka vipimo vinavyojulikana kama Eurorack: paneli ya kimo cha milimita 128.5, upana unaohesabiwa kwa hatua za milimita 5.08, umeme wa volti 12 chanya na volti 12 hasi, na matundu ya nyaya ya milimita 3.5. Watengenezaji wengine walivifuata vipimo hivyo, na leo moduli iliyotengenezwa na mtu mmoja katika chumba cha nyuma cha nyumba yake inakaa ndani ya kasha moja na moduli za kampuni kubwa, ikitumia umeme uleule na nyaya zilezile. Fundi halazimiki tena kubuni chombo kizima. Anaweza kuchagua kipande kimoja, akakitengeneza vizuri kuliko wenzake, na wanamuziki wa nchi nyingi wakamtafuta kwa ajili ya kipande hicho tu.

Mlango huo ni mpana, na ndiyo sababu wengi wameuingia. Wengi pia wametoka, wakiwa na kifaa kinachosifiwa na oda ambazo hawakuweza kuzitimiza. Ili ieleweke wanatokaje, naomba nioneshe hesabu ya moduli moja ya kubuni, kwa viwango vinavyokaribiana na vile ninavyokutana navyo kazini.

Tuseme vipuri vyote vya moduli, yaani bodi ya saketi, chipu, rezista, kapasita, matundu ya nyaya, vifundo vya kuzungusha, paneli ya alumini na boksi la kufungia, vinagharimu yuro 62. Fundi mgeni huona kwamba akiuza kwa yuro 124 amepata mara mbili ya alichotumia, na kwa desturi ya biashara nyingi ndogo hiyo ni faida nono. Lakini ndani ya bei hiyo ya dukani imo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Ujerumani ni asilimia 19, hivyo zinabaki kama yuro 104. Duka litakaloiweka moduli kabatini, liioneshe kwa wateja na kupokea lawama zao litataka sehemu yake, tuseme asilimia 35, na kiasi kinachomfikia fundi kinakuwa chini kidogo ya yuro 68. Akishatoa yuro 62 za vipuri, anabaki na yuro 6 hivi. Katika hizo alipe pango, umeme, usafirishaji, moduli zinazorudi na hitilafu, na yeye mwenyewe ale. Fundi huyo akipata oda ya moduli 500 atasherehekea, kumbe amejifunga kufanya kazi ya miezi mingi bila mshahara.

Sasa tuchukue moduli ileile, iuzwe yuro 249, bei ambayo wateja wengi huiita ghali. Ikitolewa kodi zinabaki 209, duka likichukua sehemu yake zinabaki 136, vipuri vikilipwa zinabaki 74. Kazi ya mkono ya kila moduli nikiikadiria kuwa saa moja na nusu, kwa malipo ya yuro 20 kwa saa, zinabaki 44. Pango, bima, usajili, vifungashio na matengenezo ya baadaye vikila 24, zinabaki yuro 20. Kundi zima la moduli 200 likiisha sokoni, karakana ina yuro 4,000 za kulipia miezi ya kubuni, mabodi ya majaribio yaliyotupwa, na vipuri vya kundi linalofuata ambavyo lazima vilipiwe kabla hata moduli moja haijauzwa. Bei inayoonekana kuwa ya tamaa ndiyo inayomwezesha mtu kufungua mlango wa karakana yake mwaka unaofuata.

Saa moja na nusu kwa kipande kimoja inaweza kuonekana nyingi kwa mtu anayejua kwamba siku hizi mashine hupanga vipuri vidogo kwenye bodi kwa sekunde chache. Mashine kweli hufanya hivyo, na karakana nyingi ndogo hulipa kiwanda kifanye kazi hiyo. Kazi inayobaki ndiyo inayotenganisha chombo cha muziki na kifaa cha kawaida. Moduli inayozalisha sauti hupokea amri kwa volti: kila volti moja inayoongezeka lazima ipandishe sauti kwa oktava moja kamili, yaani hatua kumi na mbili za kinanda, na kati ya noti moja ya kinanda na inayofuata pana tofauti ya milivolti 83 tu. Saketi ikikosea kwa asilimia 1, kosa hilo likijumlishwa katika oktava tano linazidi nusu ya umbali kati ya noti mbili jirani, na hapo hata asiyesoma muziki atasikia kwamba chombo kimeharibika. Kwa hiyo kila kipande huwashwa, huachwa kipate joto lake la kazi, hupimwa oktava kwa oktava, hurekebishwa kwa bisibisi ndogo, kisha hupimwa tena. Mtu anayelala na kinanda cha taarabu masikioni atanielewa haraka hapa, kwa sababu volti haikatwi katika hatua kumi na mbili kama vitufe vya piano. Inaweza kusimama popote, hata katika noti zile za katikati ambazo fidla na udi huzifikia na piano haizifikii, mradi fundi ameirekebisha saketi kwa uaminifu. Kazi hii sijaona njia ya kuiharakisha bila kumwibia mnunuzi.

Kuna pia gharama ambazo hazionekani kwenye meza ya kazi. Anayeuza kifaa cha elektroniki Ujerumani lazima ajisajili katika rejista ya kitaifa ya taka za elektroniki kabla ya kuuza kipande cha kwanza. Lazima athibitishe kwamba kifaa kinatimiza masharti ya Umoja wa Ulaya, yakiwemo ya kutovuruga vifaa vingine kwa mawimbi yake na ya kuzuia madini ya risasi na sumu nyingine katika vipuri. Na sheria humpa mnunuzi wa kawaida haki ya kudai kwa miaka miwili ikiwa kifaa kilikuwa na kasoro. Sizilalamikii sheria hizo, kwa kuwa nyingi zina sababu njema. Ninachosema ni kwamba kampuni kubwa hugawanya gharama hizo kwa vipande maelfu, na karakana ya watu wawili huzigawanya kwa vipande vichache.

Halafu huja mambo ambayo hakuna fundi anayeyapangia. Mwaka 2021 na 2022, chipu zilipoadimika duniani, mikrokontrola za jamii ya STM32, ambazo ndizo ubongo wa moduli nyingi za kidijitali, hazikupatikana kwa wasambazaji wa kawaida, na waliokuwa nazo waliziuza kwa bei za kuruka. Wenzangu kadhaa walilazimika kuchora upya bodi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri, ili tu zipokee chipu nyingine iliyopo sokoni. Agosti 2025 Marekani, ambako wanunuzi wa moduli ni wengi, ilifuta msamaha wa ushuru kwa vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800, na oda zilizokuwa zikienda moja kwa moja kwa mteja zikahitaji nyaraka na malipo mapya. Karakana iliyokuwa na yuro 20 za kubaki katika kila kipande iliyumba. Iliyokuwa na 6 haikuwa na pa kushikilia.

Najua yupo atakayesema kwamba siri ya biashara ni ubunifu wa saketi, na kwamba fundi mwenye saketi ya kipekee atauza kwa bei yoyote. Mfano wa Mutable Instruments unanifanya nisikubali. Karakana hiyo ya Ufaransa iliendeshwa na Émilie Gillet, na moduli zake kama Plaits, Rings na Clouds zinajulikana kwa karibu kila anayecheza chombo hiki. Michoro ya saketi na programu zake aliviweka wazi, kila mtu avichukue, avibadilishe na atengeneze vyake kwa masharti machache. Mwaka 2022 alifunga biashara, na moduli zilizotokana na kazi yake zinaendelea kutengenezwa na wengine hadi leo. Maarifa yale hayalipiwi, ukiyataka, yapo. Bado wanaoyatumia kutengeneza moduli wapo wanaodumu na wapo wanaoanguka, wote wakiwa na saketi ileile. Wanaoanguka, kwa kadiri nilivyowafahamu, ni wale waliohesabu vipuri wakasahau saa.

Ipo pia njia ya kuuza vipuri vikiwa vimefungwa pamoja na maelekezo, mnunuzi aviunganishe mwenyewe kwa kuvichomea kwenye bodi. Befaco ya Barcelona, iliyotokana na warsha za watu kukaa pamoja na kujitengenezea vyombo, imeifanya njia hii kwa heshima kubwa. Bei hushuka kwa haki, kwa kuwa kazi ya mkono imehamia kwa mnunuzi na kila mmoja anajua hivyo. Kwa fundi anayeanza na asiye na fedha ya kulipa kiwanda, naiona kuwa njia bora kuliko kuuza kifaa kamili kwa bei ya vipuri.

Naandika haya kwa gazeti la nyumbani kwa sababu jambo hili halipo mbali nasi. Kampala yupo Brian Bamanya, anayejulikana kama Afrorack, aliyejijengea sinthesaiza yake ya moduli badala ya kusubiri uwezo wa kuagiza ya ng'ambo, na muziki wake umesikika nje ya Afrika. Katika maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue, Nairobi, wapo mafundi wenye mikono ambayo ningefurahi kuwa nayo katika karakana yangu. Lakini desturi tuliyolelewa nayo ni kwamba fundi hutaja bei ya kipuri, kisha huongeza kitu kidogo cha jasho lake, na mteja akikunja uso, kile kidogo ndicho kinachopunguzwa kwanza. Desturi hiyo inaweza kumlisha mtu anayetengeneza redio moja leo na nyingine kesho. Haiwezi kumlisha anayetaka kutengeneza vifaa 200 vinavyofanana, ahakikishe vyote vinaimba sawasawa, na avihudumie vikiharibika.

Ombi langu kwenu ni dogo na linawezekana. Mtakapomhoji tena kijana aliyetengeneza ala ya muziki, kipaza sauti au kifaa kingine chochote, pamoja na kumuuliza anahitaji mtaji kiasi gani, mwombeni awaoneshe karatasi ya gharama ya kipande kimoja, na muichapishe pembeni ya picha yake kwa idhini yake: vipuri kiasi gani, saa ngapi za kazi na kila saa inalipwa nini, kodi, sehemu ya duka, usafirishaji, na kinachobaki. Asiyekuwa na karatasi hiyo, mkutanisheni na mhasibu kabla ya kumkutanisha na mfadhili. Mkitaka, niko tayari kuwaletea ya moduli yangu mwenyewe, tarakimu zote zikiwemo, iwe ya kwanza kuchapishwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa sinthesaiza,
Berlin, Ujerumani