Walishtakiwa Pamoja kwa Mauaji, Lakini Kila Mmoja Ana Rufaa Yake

Ndugu wanaofika ofisini kwetu hapa Moshi na nakala ya hukumu ya Mahakama Kuu mara nyingi huanza kwa maneno yale yale: "Wakili, wamehukumiwa kunyongwa wote." Neno "wote" ndilo tunaloanza kulichunguza, kwa sababu washtakiwa wanaweza kusimama kizimbani pamoja na kujibu hati moja ya mashtaka, lakini hatia ya kila mmoja sharti isimame juu ya ushahidi unaomgusa yeye.

Kazi ya kwanza ni ya kalamu. Tunausoma mwenendo wa kesi ukurasa kwa ukurasa na kumpa kila mshtakiwa rangi yake, wa kwanza buluu, wa pili nyekundu, wa tatu kijani, kisha tunapiga mstari kila anapotajwa. Kurasa zikiisha na kijani kimeonekana mara mbili tu, tena ndani ya maelezo ya onyo ya mshtakiwa wa kwanza (maelezo aliyoandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake), rufaa ya wa tatu imeshapata mguu wa kusimamia. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kuzingatia ungamo la mshtakiwa dhidi ya mwenzake, ila inakataza kumtia mtu hatiani kwa ungamo hilo pekee. Tunaangalia pia kama maelezo hayo yaliandikwa ndani ya saa nne tangu kukamatwa, au muda huo uliongezwa kisheria, na kama yalipopingwa iliendeshwa kesi ndani ya kesi, yaani usikilizaji mdogo wa kuamua kama yalitolewa kwa hiari.

Hoja nzito zaidi, na inayoeleweka vibaya zaidi, ni nia ya pamoja. Kanuni ya Adhabu inasema kwamba watu waliokusudia pamoja kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitenda likatokea kosa ambalo ni matokeo yanayotarajiwa ya mpango wao, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda. Tuseme vijana watatu walikwenda usiku kuiba ng'ombe, mmoja wao akamkata mlinzi kwa panga. Je, wenzake walijua kuwa amebeba panga? Walibaki wakisaidia, au walikimbia panga lilipoinuliwa? Kuwapo tu mahali pa tukio hakutoshi, na jaji asipoyajibu maswali hayo kwa kila mshtakiwa, hapo pana sababu ya rufaa.

Liko na suala la utambuzi usiku, ambalo hutenganisha washtakiwa kirahisi: shahidi aliyekuwa akimfahamu mmoja wao kwa miaka huenda aliwaona wengine kwa mara ya kwanza kwa mwanga wa tochi.

Taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani hutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na aliye gerezani, kwa mfano Karanga, anaweza kuipitisha kwa mkuu wa gereza. Siku hizo zikipita, itabidi kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, jambo ambalo hatulipendi.

Familia zinazochanga ada pamoja tunazikaribisha. Hata hivyo, ikiwa kijana mmoja anajitetea kwa kusema aliyeua ni mwenzake, wakili mmoja hawezi kuwasimamia wote wawili kwa haki, nasi tutawaeleza hivyo kabla ya kupokea hata shilingi.