Isome aya yote

Mpenzi rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimeirudia mara kadhaa. Lililonikaa moyoni ni lile uliloandika mwishoni, kwamba kwa kuwa hukubali dada yako arudi kwa mume anayempiga, huenda wewe si Mkristo tena. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo.

Viongozi wenu wamekutajia Malaki 2:16, kwamba Mungu anachukia kuachana. Aya hiyo ipo, wala sitaki tuiruke. Lakini isome hadi mwisho: palepale inapokemewa talaka anakemewa pia mtu ajifunikaye udhalimu kama vazi. Dada yako kahubiriwa nusu ya kwanza. Mumewe kahubiriwa nini? Hili linaniudhi sana. Hata Kanisa Katoliki, lenye msimamo mkali juu ya talaka, linasema katika kanuni ya 1153 ya Sheria zake za mwaka 1983 kwamba mwenzi anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa, ya mwili au ya roho, anampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye. Basi anayemwambia arudi akapigwe asijidai kuwa anasema kwa niaba ya Wakristo wote.

Unauliza wewe ni nani hata upime mafundisho kwa dhamiri yako. Fungua Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wakahoji kwa nini jina la baba yao lipotee kwa sababu tu hakuacha mwana wa kiume. Musa hakuwafukuza. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na jibu likaja kwamba wanasema haki, wapewe urithi wa baba yao. (Katika sura ya 36 waliwekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila la baba yao, kwa hiyo sikupambii habari: hawakupata kila kitu.)

Tena huruma hiyo inayokutia hofu uliipata wapi? Ni kanisani ulikofundishwa tangu utotoni kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Umeliamini fundisho hilo kwelikweli, na sasa linakudai.

Hata hivyo, si kila fundisho linalonichoma lina kasoro. Amri ya kuwapenda adui inanichoma kila ninapoisikia, na sina haki ya kuifuta kwa sababu hiyo. Ndiyo maana hujiuliza: nikilikataa fundisho hili, nani anapata nafuu? Nikiona ni mimi tu, nimetuliwa mzigo wa wajibu, naushuku moyo wangu. Nikiona ni mtu anayeonewa, nausikiliza. Kuna mambo ambayo swali hili haliyamalizi, lakini la dada yako linalimaliza.

Nenda kwa mchungaji na Biblia yako, mwombe muisome aya yote pamoja. Usiende peke yako. Tafuta mama wa kanisa anayesikilizwa, mfuatane. Na dada yako asirudi kule eti anasubiri uamuzi wa kikao. Akikosa pa kukaa yeye na watoto, niambie siku hiyohiyo. Chumba kipo.

Rafiki yako akupendaye